Singeli ya wikiendi Dar es Salaam: inapigwa wapi, nani anailipia, na kwa nini huoni bango lake

Kila Ijumaa inapokaribia, simu ya kipindi hupokea swali lilelile kwa sura tofauti. Msikilizaji anakwenda Dar kumsalimia dada yake, au kushusha mzigo wa vitunguu, na angependa kuiona singeli kwa macho yake badala ya kuisikia kwenye spika ya bodaboda. Anauliza ni ukumbi gani.

Jibu ni kwamba mara nyingi hakuna ukumbi. Bendi kongwe za dansi kama Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, au Sikinde, zina utaratibu wa kumbi na kiingilio, na unaweza kumuuliza mtu yeyote mtu mzima akakuelekeza. Singeli ya mtaani ina utaratibu wake mwingine. Inapigwa barabarani, kati ya nyumba na nyumba, chini ya turubai, kwa sababu mtu fulani mtaani hapo ana sherehe. Wiki ijayo turubai litakuwa mtaa mwingine.

Kwetu neno andagraundi tumezoea kumwita msanii ambaye bado hajatoka, anayehangaika na nyimbo zake hajapigwa redioni. Huko Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala neno hilo lina uzito zaidi kidogo. Kuna vijana ambao redio haiwajui kabisa, lakini kila Jumamosi wana kazi, na watoto wa mtaa mzima wanazijua tungo zao kwa moyo. Wametoka kwao, hawajatoka kwetu.

Muziki wenyewe una wazazi wawili. Mmoja ni mchiriku, uliotamba uswahilini tangu miaka ya 1990: ngoma, manyanga, na kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa kwenye spika mpaka sauti ikakwaruza. Kundi la Jagwa Music ndilo lililoupeleka mbali, albamu yao Bongo Hotheads ikatolewa Ubelgiji mwaka 2012. Mzazi wa pili ni taarabu. Vijana wa miaka ya 2000 walichukua kipande kifupi cha ala za taarabu, wakakirudiarudia, wakaongeza kasi, na MC akaanza kuchana juu yake bila kupumzika. Sikiliza vizuri singeli ya zamani utasikia kinanda cha taarabu kinakimbia humo ndani kama kimefukuzwa na mbwa.

Kuhusu kasi, watu wa studio wanahesabu mapigo kwa dakika. Singeli hukaa kati ya 200 na 300. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100, kwa hiyo usishangae bibi akisema muziki huo unamchosha akiwa amekaa. Siku hizi vipande vya taarabu vimepungua na midundo hutengenezwa kwenye kompyuta tangu mwanzo. Studio ndogo ya Sisso, huko Mburahati, ni moja ya zilizokuza sauti hiyo.

Sasa turudi kwenye Jumamosi.

Sherehe hizi za usiku huitwa vigodoro. Kwa kawaida ni mkesha wa harusi, au kumtoa mwali, au watoto wametoka jandoni. Mwenye shughuli, mara nyingi ni mama, hukodi turubai, viti vya plastiki na "muziki". Ukisikia mtu wa Dar anasema amekodi muziki, ana maana ya spika, mashine na DJ wake. Mchana wanawake wanapika na kuvaa sare zao za kitenge au dera. Spika hupangwa ukutani kuelekea njia, jua likizama DJ anaanza taratibu na taarabu ya kawaida, watu wazima wanacheza, wanatuza. Singeli yenyewe huja usiku umekwenda, wazee wakishaanza kurudi ndani.

DJ wa singeli hakai tu kubadilisha nyimbo. Kompyuta yake ndiyo ala: anakata mdundo, anaurudisha, anaupandisha kasi huku MC akimfuata. MC naye hachani alichokariri tu. Anataja mtaa, anamtaja bibi harusi, mwenye shughuli, fundi bajaji wa pale kona, anatania, anapokea noti, anataja jina la aliyetoa, anaendelea bila kukosa mdundo. Hapo ndipo ulipo ufundi wake, na ndicho kitu ambacho rekodi haikupi. Nimewahi kusikia watangazaji wenzangu wakisema singeli ni kelele. Sidhani kama wamemsikiliza MC akitunga papo kwa papo kwa saa mbili.

Fedha ina njia zake. Mwenye shughuli anamlipa mwenye muziki, mwenye muziki anamgawia DJ, na MC chipukizi anaweza asiwe na malipo ya kupatana kabisa: anategemea kutuzwa. Usiku ukiwa mzuri anaondoka na kitu. Mvua ikinyesha, au polisi wakifika mapema, anarudi kwao kwa miguu. Ndiyo maana vijana wengi wana kazi nyingine mchana, na ndiyo maana mtu akikwambia kwa simu utume nauli na "ada ya kupanda jukwaani" ili uje uchane Dar, kaa chini ufikiri. Kwenye kigodoro hakuna anayelipa ada ili ashike maiki. Anayeijua kazi hupewa nafasi na DJ, asiyeijua hunyang'anywa ndani ya dakika moja.

Kuhusu polisi, hili ni suala lenye pande mbili na tusilifiche. Wakuu wa wilaya na Jeshi la Polisi wamevipiga marufuku vigodoro zaidi ya mara moja, wakitaja mavazi na uchezaji mbele ya watoto, ulevi, ugomvi na wizi. Majirani nao wana hoja yao, hasa mwenye mgonjwa ndani au anayeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni. Kuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, zinazosimamiwa na NEMC, na kiwango kinachoruhusiwa usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Sherehe ya mtaani inatakiwa ianze na kibali, na mlango wa kwanza ni ofisi ya serikali ya mtaa. Upande wa pili ni huu: mama aliyekodi turubai hana fedha ya ukumbi. Mwenye nacho akikesha kwenye ukumbi wenye kuta nene huitwa mwenye harusi. Asiye nacho akikesha nje ya mlango wake huitwa mvunja sheria. Kwa maoni yangu saa ya kumaliza ingejadiliwa mtaa kwa mtaa kuliko kupigwa marufuku kwa jumla, maana kila marufuku ikitangazwa vigodoro huhama tu kichochoro.

Wakati huku tunabishana, nje wamekwishaamua. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na baada ya hapo vijana kama Bamba Pana, Makaveli na Jay Mitta wakaanza kupata mialiko ya Ulaya. Nyumbani njia ilifunguliwa zaidi na redio: EFM ya Dar es Salaam iliupa muziki huu nafasi pale wengine walipousita, na majina ya Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila yakafika hata kwetu shambani. Hao siku hizi utawakuta kwenye matamasha ya viwanjani yenye tiketi na matangazo.

Ukitaka kujua wikiendi ipi ina nafasi nzuri, tazama mwezi. Shaabani harusi huwa nyingi na watu wanavunja jungu, hivyo Jumamosi moja mtaa unaweza kuwa na maturubai matatu yanayogombana kwa spika. Ramadhani ni kimya. Idd ikifika yote hufunguka tena, kuanzia mtaani mpaka ufukwe wa Coco.

Nenda na mwenyeji. Kigodoro ni sherehe ya watu, na mgeni asiye na wa kumtambulisha huulizwa amefuata nini. Mwenyeji ndiye anayeona tangazo kwenye status ya WhatsApp ya DJ, au anayesikia kijiweni kwa madereva wa bajaji. Ukishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, magari ya Kimara yapo, na kutoka Kimara mwendokasi unapita barabara ya Morogoro kupitia Ubungo, Manzese na Magomeni. Hakikisha una mahali pa kulala kabla ya giza. Simu iweke mfuko wa mbele. Usirekodi wanawake wanaocheza bila ruhusa; mwenye shughuli anaweza kukutoa, na atakuwa na haki. Noti ndogondogo za kutuza ziwe tayari mkononi, usifungue pochi katikati ya watu.

Asiyesafiri ana njia pia. Nyimbo nyingi za singeli hutufikia huku kwa kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, na hapo fedha yako inaishia kwa mwenye kompyuta. Aliyechana hapati hata shilingi. Ukiwa na bando, andika jina la msanii YouTube uangalie kwenye ukurasa wake mwenyewe. Video ikila bando sana, shusha ubora mpaka 144: picha itakuwa na ukungu, ila kwa singeli unachohitaji ni sauti.