Matongo ya Maniema na mali iliyobaki chini ya udongo

Utangulizi

Katika Kiswahili chetu kuko neno ambalo vijana wa mjini wameanza kulisahau: tongo. Tongo ni mahali palipokuwa nyumba ya watu, kisha watu wakahama ao wakafa, na nyumba ikaanguka. Kuta za udongo zinarudi kuwa udongo, majani yanafunika yote, ila miembe inabaki imesimama kwa mstari na kuonyesha kama zamani paliishi mtu. Matongo yakiwa mengi pahali pamoja, watu wanapaita Tongoni. Ndilo jina la Kasongo ya kwanza, Kasongo-Tongoni, mji mkubwa wa karne ya 19 ambao hauko mahali pa Kasongo ya leo.

Tumeona vema kuandika juu ya matongo kwa sababu siku hizi kuna watu wanaoyatafuta tena. Hawatafuti kumbukumbu za wazee, wanatafuta mali. Wanakuja na mashine ya kusikiliza chuma ardhini, ile ambayo wachimbaji wanaiita detekteri, na wanauliza: «Nyumba za Waarabu zilikuwa wapi?» Swali hilo ni zuri. Tunataka kulijibu, lakini kwa njia nyingine.

1. Mji uliokuwa

Kuanzia miaka ya 1870, Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sisi wote tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja, akafika kwetu kwa kutafuta pembe za tembo. Pamoja na Nyangwe kando ya Lualaba, Kasongo ikawa kitovu cha biashara ya misafara iliyokwenda mpaka pwani ya bahari. Waungwana walioishi humo walipanda mpunga, walipanda miembe na michungwa, walijenga nyumba za pembe nne zenye baraza. Kiswahili tunachosema Maniema kinatoka katika miji hiyo.

Lakini tusifiche lingine. Mji huo ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, akaona watu wenye bunduki wakipiga risasi sokoni, ambako wengi waliokuwa wakiuza na kununua walikuwa wanawake. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba walikufa watu kati ya 330 na 400. Wale waliolima mashamba ya mpunga, waliopika na waliobeba pembe mpaka pwani, wengi wao hawakuwa watu huru.

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890, naye akafa Unguja mwaka 1905. Vita kati ya Waarabu na Dola Huru la Léopold wa Pili vilianza 1892. Nyangwe ilianguka mwezi wa Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka uleule. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja na jeshi la Dhanis, aliandika katika kitabu chake cha 1897 kwamba walikuta humo vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, mishumaa, sukari, vikombe vya feza na vya kioo, tani 25 hivi za pembe, na baruti nyingi sana.

Hapo ndipo hadithi ya mali iliyofichwa inapata nguvu. Watu wanasema: «Kama mji ulikuwa na vikombe vya feza, basi walizika vingine kabla ya kukimbia.» Wanasahau kwamba askari walioingia walikuwa wa kwanza kutafuta, nao hawakungojea mashine.

2. Mashine inasikia nini

Detekteri si uchawi. Chini yake kuko duara lenye waya ndani. Umeme ukipita katika waya ule unatuma nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu ile ikikuta metali, iwe chuma, shaba, feza ao zahabu, metali inajibu kwa umeme wake mdogo, na mashine inalia. Kwa kitu kidogo kama sarafu, mara nyingi haisikii zaidi ya sentimeta 20 ao 30. Na kwa jiwe, chungu, kioo, mfupa, ushanga ao simbi haisemi neno.

Tunajua jambo hili kwa macho yetu. Siku moja kijana wa ukoo wa mmoja wetu alileta mashine ya kuazima, tukamfuata kwenye tongo moja kando ya njia ya zamani ya misafara. Tulikuwa na furaha kama watoto. Kila mara mashine ilipolia, jembe liliingia. Mpaka jioni tulikuwa tumepata misumari mitatu iliyoliwa na kutu, ganda la risasi, kipande cha sufuria, kifuniko cha mkebe wa sardini na kisu kisicho na mpini. Zahabu hapana. Kijana akakasirika, akatupa jembe.

Tulipogeuka kurudi nyumbani ndipo tuliona tulichokifanya. Kando ya kila shimo kulikuwa lundo la vigae vya vyungu, vingine vyenye mistari ya kuchorwa kwa kijiti. Katika udongo tuliotupa zilionekana shanga nyekundu na nyeupe, na simbi moja iliyotobolewa mgongoni. Mashine haikulia juu ya hivi, nasi hatukuviangalia. Mzee aliyekuwa pamoja nasi alichukua kigae kimoja akakizungusha mkononi, akasema tu: «Hiki ni chungu cha mama. Munakitupa kwa kutafuta kijiko cha bwana.»

Neno lile lilitupiga. Maana tongo ni la watu wawili. Ni la yule aliyekuwa mwenye nyumba, na ni la yule aliyelala nyuma, jikoni. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu chake kinasomwa mpaka leo. Mpishi wake hakuandika kitu. Mchukuzi wa pembe hakuandika kitu. Walichotuachia ni chungu, ushanga, majivu ya jiko na mifupa ya samaki waliyokula. Mtu akichimba kwa kufuata sauti ya chuma peke yake, anamchimba bwana, kisha anamtupa mtumwa mara ya pili. Na wengi wetu tuko watoto wa hawa wawili, hata kama katika jamaa zingine jambo hilo halisemwi mezani.

3. Feza gani ilitumika?

Kuko sababu nyingine inayofanya watafuta sarafu warudi mikono mitupu. Biashara ya Maniema ya wakati ule haikuenda kwa sarafu. Ilikwenda kwa kitambaa cha merikani, kwa shanga, kwa simbi, kwa chumvi, kwa mbuzi, na kwa huzuni tunaongeza: kwa watu. Mali kubwa ya mji ilikuwa pembe, na pembe haikai ardhini kungojea, iliondoka na msafara.

Sarafu zilikuja kwa wingi nyuma, pamoja na Bula Matari. Za kwanza za Dola Huru zina mwaka 1887 na 1888. Zile ndogo ni za shaba, zenye tundu katikati na nyota. Mwaka 1943, wakati wa vita vya pili vya dunia, zilitolewa franga mbili za pembe sita zenye picha ya tembo, zilizopigwa Philadelphia kule Marekani. Mwaka 1961 Katanga ya Tshombe ilitoa franga yake yenye picha ya ndizi na msalaba wa shaba. Mwaka 1967 zikaja makuta na sengi. Feza hizo zote zimekufa, lakini majina yamebaki mdomoni: mpaka leo mtu akikosa feza anasema hana makuta.

4. Mfano wa Sanga

Msomaji atauliza: kama kitu ni kilekile, kuna tofauti gani kikichimbwa na mwenye detekteri ao na mwalimu wa akiolojia? Tuondoke kidogo Maniema, tupande Lualaba mpaka bonde la Upemba, upande wa Katanga. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, Nenquin alichimba makaburi mwaka 1957, Hiernaux akafuata 1958, kisha de Maret akaendelea miaka ya 1974 na 1975. Katika makaburi mengi walikuta misalaba midogo na mikubwa ya shaba.

Mwizi wa makaburi angeiweka yote katika mfuko mmoja na kuiuza kwa kilo. Wao waliandika kila msalaba ulilala wapi. Ndipo ilionekana kwamba katika makaburi ya zamani zaidi, ya karne ya 13 mpaka ya 15, misalaba ni mikubwa, nayo ni mmoja ao miwili, imewekwa juu ya kifua. Katika makaburi ya nyuma, imekuwa midogo, mingi, inafanana kwa kipimo, na iko karibu na mikono ao kiuno. Kwa hiyo wakasema: kitu kilichokuwa alama ya heshima kiligeuka polepole kuwa feza. Wazee wetu walikuwa na feza yao karne nyingi mbele ya franga. Habari hiyo haikuandikwa juu ya shaba. Iliandikwa katika nafasi ya shaba, kifuani ao mkononi.

Ni vilevile kwa sarafu. Tuseme kisenti chenye tundu cha mwaka 1888 kinapatikana chini ya ukuta ulioanguka. Tunajua mara moja kwamba ukuta haukuanguka mbele ya 1888. Kikipatikana pamoja na simbi na shanga, kinatuambia kwamba feza ya kale na feza mpya ziliishi nyumba moja. Lakini kikiwekwa mfukoni bila kuandika kilitoka wapi, kinabaki kipande cha shaba. Muchuuzi atatoa franga kidogo, na neno kimetuletea litapotea kwa milele.

5. Tufanye nini

Kwanza, tujue sheria. Ordonansi-sheria nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni katika nchi yetu. Kuchimbua vitu vya kale kunaomba ruhusa ya serikali, na mtu anayevikuta kwa bahati, labda akilima ao akijenga, anapashwa kuvitangaza.

Pili, tukumbuke kwamba metali ya ardhini si ya Waarabu peke yao. Vita vya tangu 1996 vimeacha risasi na mabomu katika udongo wa mashariki. Mashine inalia sawasawa kwa sarafu na kwa bomu.

Tatu, anayekuta kitu asikisugue kwa mchanga ao ndimu ili king'ae, maana anaondoa uso wake. Aandike siku, jina la mahali, na hatua ngapi kutoka muembe ao mto. Apige picha kikiwa bado ardhini. Simu ya mkononi inatosha. Kisha amwite mzee na mwalimu.

Nne, kazi kubwa haiombi jembe hata kidogo. Mwaka 2020 jarida la Antiquity lilichapa makala ya watafiti, Wakongomani wakiwa kati yao, juu ya historia, akiolojia na kumbukumbu za Waswahili-Waarabu wa Maniema. Neno «kumbukumbu» liliwekwa pale kwa haki. Chungu kinaweza kungojea miaka mia ingine ardhini. Mzee anayejua tongo lilikuwa la nani, na nani alipika humo, hawezi kungojea.

Mwisho

Juma lililofuata tulirudi kwenye tongo lile bila mashine. Tulijaza mashimo, tukaokota vigae na shanga tulizoweza kuona, tukachora miembe saba na mahali pa jiko. Kazi hiyo haiwezi kurudisha tulichovuruga, na tunaandika kosa letu hapa ili wengine wasilifanye. Mzee wetu alikaa kivulini akitutajia majina, ya wenye nyumba kwanza, kisha, baada ya kunyamaza kidogo, ya wale wengine. Tuliyaandika yote katika daftari moja, bila kuyatenga.

Ndugu msomaji, kama kwenu kuko tongo, anza hapo.