Warsha za uandishi wa watoto, Dar es Salaam
Warsha ya uandishi bunifu, yaani kikao ambamo washiriki hutunga, husomeana na kusahihishana kazi chini ya mwongozaji, huwafaa watoto wa Mbezi Beach na Wilaya ya Kinondoni kwa jumla hasa katika likizo za Juni na Desemba, kwa kuwa mwaka wa masomo wa Tanzania huanza Januari. Msingi wa warsha hizi nchini uliimarishwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, ambao uliwafunza waandishi na wachoraji, ukawezesha vitabu vya Kiswahili kuchapishwa na kufika katika maktaba za shule. Katika kikao kizuri, mtoto hupewa mwanzo wa hadithi, kwa mfano mvuvi anayekuta nyavu zake zimekatwa, kisha huulizwa nani alizikata na kwa nini, na hapo ndipo ploti, yaani mpangilio wa matukio unaosukumwa na sababu, hueleweka bila hotuba ndefu. Insha ya darasani, inayopimwa zaidi kwa tahajia na sarufi, haitoshi kukuza stadi ya kuunda ploti.