Epifiti: mmea wa juu ya mti usiokula mti

Epifiti ni mmea unaoota juu ya mmea mwingine bila kuchota maji wala chakula ndani yake. Mti unaoibeba huipa kitu kimoja tu: mahali pa kushika, juu, karibu na mwanga. Maji hutoka kwenye mvua, umande na ukungu. Madini hutoka kwenye vumbi, majani yaliyooza na kinyesi cha ndege na wadudu kinachonaswa kwenye magamba ya matawi. Takriban mmoja kati ya kila mimea kumi yenye mishipa duniani huishi hivyo, na kundi kubwa kuliko yote humo ni okidi. Kati ya spishi za okidi zipatazo 28,000, theluthi mbili hivi ni epifiti.

Neno lenyewe limeundwa kwa Kigiriki: epi, yaani juu ya, na phyton, yaani mmea. Mwanabotania Mfaransa Charles-François Brisseau de Mirbel alilitumia mwaka 1815, ila kwake lilibeba chochote kinachoota juu ya mmea, hata vile vinavyounyonya. Mipaka ya leo iliwekwa baadaye, hasa na Mjerumani Andreas Schimper, ambaye mwaka 1888 alichapisha uchunguzi wake juu ya epifiti za misitu ya Amerika. Tangu hapo istilahi imebaki na maana finyu: mmea unaopanda juu ya mwenzake kwa ajili ya nafasi, na mlo ukautafuta mwenyewe.

Kiswahili kilikuwa na kitenzi cha jambo hili kabla ya istilahi kufika. Kumelea ni kuota juu ya kitu kingine, na jina kimelea, kwa umbo lake, lingeweza kabisa kusimama mahali pa epifiti. Lakini biolojia na tiba zililiwahi. Kimelea sasa ni kiumbe kinachoishi kwa kumnyonya mwingine, na kila aliyepita kwenye kituo cha afya amesikia habari za vimelea vya malaria. Kuita okidi kimelea ni kuishtaki wizi ambao haikuufanya. Hasara yake huonekana kwenye miti: mwenye shamba anayeamini kwamba kila kilichoota juu ya mwembe wake ni kimelea hukwangua vyote kwa panga, chenye hatia na kisicho na hatia. Kwa hiyo waandishi wa sayansi hufanya vizuri kushika epifiti, kwa tahajia ya Kiswahili na katika ngeli ya i-/zi- (epifiti inaota, epifiti zinaota), na kuongeza maelezo mafupi pale linapotajwa mara ya kwanza: mmea wa juu ya mti usiounyonya. Kwa okidi peke yake kuna njia nyepesi zaidi, nayo ni kusema okidi ya mtini na okidi ya ardhini. Msikilizaji hahitaji kufundishwa lolote ili aelewe.

Tofauti kati ya epifiti na kimelea huthibitishwa kwa vidole. Katika Dilolo, kama katika miji mingine ya jimbo la Lualaba, kusini mwa Kongo, miembe iliyopandwa kando ya barabara na nyuani mara nyingi hubeba kirukia, mmea wa kijani wenye maua mekundu au ya manjano unaoenezwa na ndege. Ndege hula tunda, mbegu yenye ulimbo hunata kwenye tawi, kisha huota na kupeleka kiungo cha kunyonyea ndani ya mbao. Mahali pa kuungana huvimba fundo, na haiwezekani kukitoa kirukia bila kuvunja tawi. Sehemu ya tawi iliyo mbele ya fundo hudhoofika na mara nyingi hukauka. Okidi ya mtini ni kinyume chake. Mizizi yake hutambaa juu ya gamba, nyeupe au ya kijivu, imeshikilia kwa nguvu. Lakini mzizi mmoja ukibanduliwa polepole kwa ukucha, gamba lililo chini yake huonekana zima, halina tundu wala kovu. Ni kama mpangaji wa ghorofani asiyegusa jiko la mwenye nyumba. Kirukia kina majani ya kijani na hujitengenezea sukari yake, kwa hiyo si mnyonyaji wa kila kitu. Maji na madini, hata hivyo, huyachota yote kutoka kwa mwembe.

Mzizi huo mweupe unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake ndimo siri ya maisha ya okidi ya mtini ilimo. Weupe unatokana na velameni, tabaka la nje la seli zilizokufa ambazo zimebaki tupu, zimejaa hewa. Tone la maji likidondoshwa juu yake hupotea kwa sekunde chache, na palipokuwa peupe panageuka kijani: seli zimejaa maji, mwanga unapita, na rangi ya klorofili iliyo chini inaonekana. Maji yakikauka weupe hurudi. Ncha ya mzizi unaokua haina velameni na hubaki kijani au nyekundu hata siku za jua kali, ndiyo maana mkulima wa okidi huiangalia kwanza anapotaka kujua kama mmea uko hai kweli. Kwa kuwa mzizi una klorofili, nao hufanya usanisinuru. Jenasi ya Kiafrika iitwayo Microcoelia imelifikisha jambo hili mwisho kabisa: haina majani yoyote ya maana, ni fungu la mizizi tu lililoshikwa kwenye kitawi, na mizizi hiyo ndiyo inayolisha mmea mzima na maua yake madogo.

Shida kubwa ya kuishi bila udongo ni ukame, na ukame huja kila siku mvua isiponyesha. Okidi nyingi za mtini huweka akiba kwenye mashina yaliyovimba au majani manene. Nyingi pia hufunga stomata zao, yaani vitundu vya hewa vya majani, mchana, jua linapochoma, na kuzifungua usiku. Hewa ya kaboni huingizwa gizani, huhifadhiwa kama asidi, kisha hutumiwa mwanga ukirudi. Huku kusini mwa Kongo ustadi huo una kazi nzito. Mvua huanza Oktoba hivi na kukatika Aprili, na baada ya hapo hufuata miezi ya kiangazi ambamo misitu ya miombo hupukutisha majani na moto hupita chini yake.

Spishi inayoonyesha vizuri maisha haya ni Ansellia africana, okidi ya chui, inayopatikana sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki, Kongo ikiwamo. Jina la jenasi linamkumbuka John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeikuta kwenye kisiwa cha Fernando Po, Bioko ya leo, mwaka 1841. Maelezo ya kisayansi yaliandikwa na John Lindley mwaka 1844. Mashina yake mfano wa miwa hufikia nusu mita na zaidi, na maua ni ya manjano yenye madoa ya hudhurungi. Mbali na mizizi inayoshika mti, hutoa mizizi mingine membamba, migumu, inayosimama wima kuelekea juu na kusongamana. Majani makavu yanayoanguka kutoka matawi ya juu hunaswa humo, huoza, na okidi hujipatia mbolea yake yenyewe, mita kadhaa juu ya ardhi.

Epifiti hazikusambaa sawasawa kwenye mandhari ya Lualaba. Miombo ya wazi, yenye jua na moto, ina chache, na hizo hupendelea matawi ya juu na magamba yenye mikwaruzo. Wingi uko kwenye misitu inayobaki na unyevu: muhulu, msitu mzito wa nchi kavu, na mushitu, msitu wa majimaji kwenye vyanzo na kandokando ya mito. Magharibi, kuelekea Dilolo na mto Kasai unaopakana na Angola, misitu ya kando ya mito hupenya katikati ya nyanda za nyasi, na humo jenasi kama Polystachya, Bulbophyllum na Tridactyle hupata kivuli na ukungu zinavyotaka. Anayetaka kuzitambua okidi za Kongo kwa majina ana kazi ya Daniel Geerinck katika Flore d'Afrique centrale, iliyotolewa Ubelgiji kwa sehemu mbili, 1984 na 1992.

Okidi ambazo watu wa Katanga, eneo pana ambamo Lualaba imo, wanazijua zaidi, hata hivyo, si za mtini. Ni zile za ardhini, za jenasi Disa, Satyrium na Habenaria, zinazoota kwenye mabonde ya majani yenye maji, na wengi huzifahamu kwa jina la chakula: kikanda, au chikanda kwa Wabemba. Viazi vyake vidogo huchimbwa, hukaushwa na kutwangwa. Unga hupikwa na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi mpaka unashikana, kisha hukatwa vipande. Mlaji wa kikanda amekula okidi bila neno okidi kutajwa. Mzizi hapa ni ghala lililofukiwa udongoni, hauna velameni ile ya kunywea mvua wala haushiki gamba lolote, na kuchimba kiazi kwa kawaida ni kuumaliza mmea. Biashara hiyo imevuka mipaka. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, watafiti walikadiria mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba mamilioni ya viazi yalikuwa yakichimbwa kila mwaka na kupelekwa Zambia, na hofu hiyo ilichangia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005. Wenyeji huiita Kitulo Bustani ya Mungu, na anayeongozwa huko msimu wa mvua huziona okidi za ardhini kwa makumi ya spishi, zimesimama kwenye nyasi, bila mti wowote wa kuziinua.

Kwenye bustani ya botania mambo hugeuka, kwani epifiti haiwezi kupandwa kwenye tuta. Bustani kongwe za Kongo ziko mbali na Lualaba, magharibi: Kisantu, iliyoanzishwa na Mjesuiti Justin Gillet mwishoni mwa karne ya 19, na Eala karibu na Mbandaka, ya mwaka 1900. Popote pale kanuni ni moja: okidi ya mtini hufungwa kwa kamba laini kwenye shina la mti hai au kipande cha gogo mpaka mizizi yake ishike yenyewe, kisha kamba hutolewa. Ikiwekwa chunguni, chungu hujazwa vipande vya magome na mkaa, yale makala ambayo nyumba za Katanga hupikia, kwa kuwa mkaa hauozi upesi na huacha hewa ipite. Ikifukiwa udongoni mizizi hukosa hewa na kuoza. Mwongozaji mzuri huanza ziara hapo, kwenye mizizi, na kuacha maua kuwa ya mwisho. Mgeni aliyekwisha kuiona mizizi juu ya gamba haulizi tena kama mti unaumwa.

Kuziotesha kwa mbegu kulishinda bustani kwa muda mrefu. Tunda moja la okidi linaweza kuwa na mbegu laki kadhaa, nyingine milioni na zaidi, laini kama vumbi, zisizo na akiba ya chakula. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba mbegu huota ikiingiwa na kuvu maalumu inayoilisha. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba zinaweza kuota bila kuvu, ndani ya chupa safi yenye sukari na madini. Bustani ya Botania ya Singapore, iliyoanzishwa 1859, ilikuwa miongoni mwa za kwanza za kitropiki kuitumia njia hiyo kwa kiwango kikubwa, chini ya Eric Holttum. Kuvu hiyo ndiyo sababu okidi ya porini haihamishwi kwa urahisi: mti mpya unaweza kuwa na kivuli na unyevu unaofaa, na kizazi kijacho kisiote.

Yapo mazingira ambamo istilahi hulegea. Mvanila, okidi inayolimwa Uganda, Komori na mashariki ya Kongo, huanza ardhini, hupanda mti kwa mizizi ya hewani na huweza kuendelea kuishi hata sehemu ya chini ikikatika. Huo huitwa nusu-epifiti. Baadhi ya mitini ya jamii ya Ficus hufanya kinyume: ndege hudondosha mbegu kwenye panda la mti, mche huishi kama epifiti kwa miaka, kisha mizizi yake hufika ardhini, hunenepa na kuuzunguka mti ulioulea mpaka mara nyingine unakufa. Kifo hicho hutokana na kubanwa na kunyimwa mwanga, kwa hiyo hata hapo neno kimelea si sahihi. Okidi inayoota juu ya mwamba ni litofiti, na spishi moja yaweza kuwa litofiti mlimani na epifiti bondeni.

Kwa kuwa epifiti hutegemea mti kwa mahali tu, hatima yake imefungwa na ya mti. Muputu, mti wa miombo, ukiangushwa kwa ajili ya makala au kupisha mgodi wa shaba na kobalti, okidi zilizokuwa juu yake huanguka kivulini au kwenye jua kali la chini, na huoza au kukauka ndani ya misimu michache. Zikiokotwa upesi, siku ileile, na kufungwa kwenye mti wa aina ileile ulio karibu, nyingi huweza kushika tena. Kuzisafirisha nje ya nchi ni jambo jingine: familia nzima ya okidi imo kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa biashara ya spishi zilizo hatarini, na kuvuka mpaka nazo kunahitaji kibali. Kwenye kibao cha bustani, mmea uliookolewa kwenye mti ulioangushwa huandikiwa jina la spishi, mahali ulipotoka, mwaka, na aina ya mti uliokuwa umeubeba.