Mwaka Shilingi ya Dar Ilipoipita ya Nairobi

Novemba 1983 mpaka wa Namanga ulifunguliwa tena. Ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika na Tanzania ikaamua kufunga njia zote za kuingia Kenya. Aliyevuka siku zile akiwa na orodha ya viwango rasmi vya benki angeona jambo ambalo kijana wa leo wa Arusha au Kajiado angelicheka: shilingi ya Tanzania ilikuwa na thamani kubwa kuliko ya Kenya. Mwisho wa mwaka ule dola moja ya Marekani ilihesabiwa kama shilingi 12 na nusu Dar es Salaam. Nairobi ilikaribia 14.

Leo shilingi moja ya Kenya hupata za Tanzania karibu 20.

Shilingi hizi zilitoka tumbo moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kukaa London, iliikuta rupia ya Kihindi ikitumika, ikajaribu florini kwa muda mfupi, kisha ikatoa shilingi yenye simba upande mmoja. Ishirini zilifanya pauni moja ya Uingereza. Zanzibar iling'ang'ania rupia yake hadi 1936, nayo ikaingia. Kwa miaka 40 na zaidi, mfanyabiashara wa Moshi aliyekwenda Mombasa kufuata mali hakuwa na haja ya kubadilisha pesa, maana pesa ilikuwa ileile.

Uhuru ulileta hoja nyingine. Kila serikali ilitaka benki kuu yake, itakayoikopesha na kufuata mipango yake, na mwaka 1965 zikatangaza kwamba kila moja itatoa pesa zake. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango tarehe 14 Juni 1966. Noti za Uganda zilifuata Agosti, za Kenya Septemba. Jina likabaki shilingi kwa nchi zote tatu, na kiwango kikawa moja kwa moja.

Watu wengi hudhani usawa huo ulikufa upesi. Sivyo. Uingereza iliposhusha pauni Novemba 1967, nchi zote tatu zilikataa kuifuata, na pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14 kotekote. Oktoba 1975 zikaiacha dola kwa pamoja na kufunga shilingi zao kwenye haki maalumu za kutoa fedha (SDR), kipimo cha thamani cha IMF, kwa kiwango kimoja cha shilingi 9.66. Kwa hiyo Jumuiya ilipokufa, mawaziri wakiwa hawasalimiani tena, vitabu vya benki bado viliandika shilingi moja kwa moja.

Tofauti ilianza kidogokidogo. Mwaka 1979, vita vya Uganda vikiwa vinakula hazina, Tanzania ilishusha shilingi yake kwa karibu asilimia 10. Kenya nayo ikashusha ya kwake mara mbili mwaka 1981, na tena mwishoni mwa 1982. Hivyo ndivyo Dar ilivyoipita Nairobi, kwenye karatasi.

Usiku, njiani, hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Madukani Tanzania sabuni na dawa ya meno zilikuwa za kutafutwa kwa tochi. Ng'ombe na kahawa vilivushwa kwa magendo kwenda Kenya, na bidhaa za viwandani zikarudi kwa njia zilezile. Mlanguzi hakuangalia orodha ya benki: shilingi moja ya Kenya alitaka ilipwe kwa kadhaa za Tanzania. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Watu wengi wakakamatwa, na mpaka leo husimuliwa habari za mali iliyotupwa porini kwa hofu. Lakini msako haukujaza rafu, kwa kuwa mkulima aliyelipwa kwa kiwango rasmi bado aliona afadhali kutazama ng'ambo.

Si haki kumcheka Rais Nyerere kwa kuikaidi IMF iliyomtaka ashushe shilingi. Kushusha shilingi kulimaanisha mafuta na dawa kupanda bei kwa nchi iliyokuwa na vya kuuza vichache, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kosa lilikuwa kuchelewa. Juni 1984 dola ilifikishwa shilingi 17. Mwinyi, mrithi wake, alipochukua nchi kisha akaafikiana na IMF mwaka 1986, breki zikaachiwa: wastani wa dola ulikuwa shilingi 64 mwaka 1987, na 195 mwaka 1990. Nairobi ilikuwa imefika kama 23 tu. Kutoka sare mwaka 1985 hadi zaidi ya nane kwa moja, katika miaka mitano.

Kisha zamu ikawa ya Kenya. Wafadhili walikuwa wamefunga mkono, fedha za kashfa ya Goldenberg zikatoka hazina, na mwaka 1993 dola ilipanda kwa wastani hadi shilingi 58, kutoka 32 mwaka uliotangulia. Tanzania ilishuka pia, ila polepole zaidi, na kwa mwaka ule Mtanzania aliyekwenda kununua mali Nairobi aliona pesa yake ikimbeba kidogo.

Tangu hapo uwiano umepanda kwa miguu: zaidi ya 10 mwaka 2000, karibu 18 mwaka 2010. Mkenya anayeona chakula cha buku tano, yaani shilingi elfu tano, Tanzania hushtuka, asahau kwamba sifuri nyingi hazimfanyi mtu kuwa tajiri wala maskini.

Mwaka 2013, mjini Kampala, marais wa Jumuiya iliyofufuliwa walitia saini itifaki ya kurudisha sarafu moja, ianze 2024. Haikuanza, tarehe ikasogezwa hadi 2031. Badala yake, Januari 2024 dola ilipita shilingi 160 Nairobi, na shilingi ya Kenya ikapata chini ya 16 za Tanzania. Februari Kenya ikauza hati fungani ya dola bilioni 1.5 nje ya nchi, na kufikia Aprili shilingi hiyohiyo ilikuwa ikipata karibu 20.