Nusu Saa Kati ya Mdomo na Sikio

Tarehe 28 Januari 2009, mjini The Hague, kijana mmoja wa kutoka Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliketi mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu. Alikuwa shahidi wa kwanza katika kesi ya kwanza ya mahakama hiyo. Watu wa nje hawakuonyeshwa uso wake, na sauti yake ilibadilishwa kwa mitambo. Asubuhi alieleza jinsi wapiganaji wa kundi la UPC walivyomchukua alipokuwa akitoka shule. Baada ya chakula cha mchana akayakana yote aliyoyasema. Hatukusikia kwamba kuna aliyemgusa wala kumtisha kwa neno katika saa zile chache. Ila mshtakiwa, Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, alikuwa ameketi chumba kilekile, mbele ya macho yake.

Kijana yule alirudi mwezi Februari. Safari hii pazia lilitundikwa ili asimwone mshtakiwa, akaachwa asimulie kwa mwendo wake mwenyewe. Hatimaye majaji hawakuutegemea ushahidi wake, na hilo lazima lisemwe. Hata hivyo, sisi tuliofuatilia mambo ya Bunia, mji mkuu wa Ituri, kwa miaka mingi tuna jambo la kushika katika siku zile mbili. Mahakama yenye walinzi, mitambo na mamilioni ya euro iligundua kwamba kumficha mtu uso na kumbadilisha sauti hakutoshi.

Ilikuwa na kinga nyingine pia, isiyotajwa sana. Matangazo ya mahakama ile hayatoki papo hapo. Yanacheleweshwa dakika 30. Shahidi akiponyokwa na jina la kijiji, la mama yake, au la mwalimu aliyemfundisha, kuna nusu saa ya kulikata kabla halijafika Djugu au Mahagi, huko Ituri. Redio za Marekani zinazopokea simu za wasikilizaji zilizoea sekunde 7 tu za kukata matusi. Kwa habari za Ituri ilihitajika nusu saa nzima.

Siku hizi kijana wa Bunia akinunua mega zake za intaneti na kubonyeza palipoandikwa direkti, ile nusu saa haipo. Alisemalo linasikika sekunde hiyohiyo, pamoja na mlima ulio nyuma yake, kengele ya kanisa la jirani na sauti ya mdogo wake anayemwita kwa jina. Nataka kueleza tulifikaje hapo, kwa sababu hatari inayowakuta watangazaji wa simu katika mji huu ilianza muda mrefu kabla ya simu zenyewe.

Ilianza na redio. Katika miaka ya 1970 Chuo cha Ualimu cha Bunia, ISP, kilizaa kituo cha elimu kwa redio kilichoitwa Candip. Kilitangaza mafunzo ya kilimo, afya na malezi kwa watu wa vijijini, na vikundi vya wasikilizaji vilikaa pamoja kuyajadili. Mtangazaji wa Candip alijulikana kwa sauti. Sokoni alisalimiwa kabla hajageuza uso, maana alikwisha kununua nyanya na kubishana bei, na mama muuzaji alikuwa amemtambua. Enzi hizo ilikuwa heshima. Lakini sauti inayojulikana ni anwani, na anwani ina faida na hasara kulingana na nani anayekutafuta.

Vita vya Ituri vilipopamba moto kuanzia 1999, kisha UPC ilipouteka mji Agosti 2002, redio hiyo nayo ilikuwa mikononi mwa watawala wapya. Mei 2003 majeshi ya Uganda yaliyokuwa mjini yalipoondoka, Bunia iligawanyika mtaa kwa mtaa. Mtu aliulizwa anatoka wapi, na jibu lilipimwa kwa lafudhi. Ilibidi kikosi cha Ulaya kiitwacho Artemis, kilichoongozwa na Ufaransa na kuidhinishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 30 Mei 2003, kije kushika mji. Aliyeishi Bunia mwaka ule hahitaji kufundishwa kwamba sentensi moja ya Kiswahili inaweza kumfichua msemaji hadi kijiji cha babu yake.

Kamera nayo ilikuwepo. Tarehe 12 Februari 2003, katika kambi ya Rwampara, pembeni kabisa mwa mji, Lubanga alipigwa video akiwahutubia waliosajiliwa jeshini, na miongoni mwao wamo watoto. Video ile ilikuwa sehemu ya ushahidi uliomtia hatiani tarehe 14 Machi 2012, akafungwa miaka 14. Mimi naiheshimu video ile kwa kazi iliyofanya. Wakati huohuo nawafikiria watoto waliomo ndani yake. Nyuso zao zilibaki kwenye kanda, na sijasikia kwamba kuna aliyewauliza kama wanataka kuonekana, si siku ile kambini wala baadaye.

Kesi hiyohiyo ilikaribia kufa kwa sababu ya jina moja. Upande wa mashtaka uliwatumia watu wa kati, wenyeji waliosaidia kuwafikia mashahidi. Majaji waliamuru jina la mmoja wao, aliyejulikana kama nambari 143, lifunuliwe kwa upande wa utetezi. Mwendesha mashtaka Luis Moreno Ocampo alikataa kabla mtu huyo hajawekewa ulinzi. Tarehe 8 Julai 2010 majaji wakasimamisha kesi, na wiki iliyofuata wakaamuru Lubanga aachiwe. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo tarehe 8 Oktoba, kesi ikaendelea. Wapo waliomlaumu Ocampo kwa ukaidi, na kisheria walikuwa na hoja. Lakini majaji wale walilala The Hague, na hatari ilikuwa juu ya nambari 143.

Kesi ya Bosco Ntaganda, kamanda katika jeshi la Lubanga, ikaongeza somo lingine. Machi 2015 majaji walipendekeza ufunguzi wake ufanyike Bunia. Juni mwaka huo uongozi wa mahakama ukakataa, usalama ukiwa miongoni mwa sababu, na kesi ikafunguliwa The Hague tarehe 2 Septemba. Kabla ya hapo majaji walikwisha kumwekea Ntaganda vizuizi vya simu, kwa kuwa waliona kuna sababu za kuamini kwamba kutoka kizuizini alikuwa akivujisha habari za siri zinazogusa mashahidi. Simu moja inaweza kuvuka bara zima na kuleta jina hadi nyumbani. Lubanga mwenyewe alimaliza kifungo Machi 2020, ilhali waliotoa ushahidi wana jamaa katika vilima vilevile.

Nimeizungumzia sana The Hague kwa sababu huko ndiko hatari hii ilikopimwa kwa makini kuliko kwingine kokote. Watangazaji wetu wa vijijini hawakuwahi kupewa hata robo ya vipimo hivyo.

Papy Mumbere Mahamba alikuwa mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, wilayani Mambasa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na hadi ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020 iliua watu 2,287, karibu wote katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mahamba alikuwa mmoja wa waliokwenda kwenye maikrofoni kuwaambia majirani zao kwamba ugonjwa ni wa kweli. Kulikuwa na watu waliouamini uvumi kuliko daktari, na waliosema anayezungumzia Ebola amelipwa. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019 wavamizi waliingia nyumbani kwake wakamuua, wakamjeruhi mke wake na kuichoma nyumba. Alikuwa ametoka kuendesha kipindi kuhusu Ebola.

Agosti 2021 zamu ikamfikia Joël Mumbere Musavuli, mkurugenzi wa redio na televisheni ya jamii ya Babombi, Biakato, Mambasa hiyohiyo. Naye aliuawa nyumbani kwake. Ituri ilikuwa tayari chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 Mei mwaka huo.

Wote wawili waliuawa nyumbani. Katika mji mdogo mtangazaji hana pa kuificha nyumba yake. Wasikilizaji wanajua mlango wake, mti wa maembe ulio mbele, na saa anayorudi, kwa kuwa saa ya kipindi ndiyo saa ya kurudi. Marekani mtu anayetaka kumdhuru mchezaji wa mtandaoni huanza kwa kutafuta anwani. Huko Wichita, Desemba 2017, ugomvi wa mchezo wa video uliishia kwa polisi kutumwa kwenye nyumba isiyohusika na kumuua mtu asiye na hatia. Kwetu hakuna haja ya kutafuta. Ukitaja kanisa na kisima, umekwisha kutaja nyumba.

Ndipo ikaja direkti. Facebook iliwafungulia watu wote matangazo ya mubashara mwaka 2016, na TikTok ikafuata kwa kasi. Bunia iliipokea kwa furaha, na ninaielewa furaha hiyo. Redio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle tarehe 25 Februari 2002, ilitupa habari za kuaminika kwa Kiswahili, lakini haiwezi kufika kila mtaa. Direkti inafika. Duka likiungua Boulevard de Libération, mji mzima unaona moshi kabla ya mhariri yeyote kuamka. Wasichana waliokosa nafasi redioni wamepata wasikilizaji wao wenyewe, wanaimba, wanafundisha kusuka, wanabishana siasa.

Matusi huja palepale, chini ya video, yakipanda kama maji ya mvua. Kwa mwanamke huanza na mwili wake, hufika kwa mama yake, kisha kwa kabila. Kwetu ngazi ile ya tatu ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Mtu asiyemjua ataandika, huyu ni wa upande fulani, msikilizeni anavyotamka. Mwingine atajibu kwa jina la mtaa. Wa tatu atapiga picha ya skrini na kuipeleka kwenye kundi la WhatsApp ambalo mwenyewe hayumo. Mwaka 2020 UNESCO na kituo cha kimataifa cha waandishi wa habari, ICFJ, waliwauliza wanahabari wanawake duniani. Asilimia 73 walisema wameshambuliwa mtandaoni katika kazi yao, na asilimia 20 walisema mashambulizi ya nje ya mtandao yaliungana na yale ya ndani. Hao ni wanahabari wenye vyombo nyuma yao. Msichana wa direkti yuko peke yake na simu yake.

Wanaoonekana nyuma ya mtangazaji ndio wanaosahauliwa kabisa. Bunia ina kambi za waliokimbia makwao, Kigonze ikiwa mojawapo. Kila baada ya shambulio, simu hunyanyuliwa: watoto, mahema, mama akitaja kijiji alichotoka na njia aliyopitia. Anayepiga ana nia njema, anataka dunia ione. Lakini kambi zenyewe zimeshambuliwa. Plaine Savo, wilayani Djugu, wapiganaji wa kundi la CODECO waliua watu wapatao 60 usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022. Lala, tarehe 12 Juni 2023, waliuawa watu 46. Mama aliyetaja njia yake akiwa hewani ameieleza kwa kila mwenye simu, wakiwemo aliowakimbia. The Hague jina la kijiji chake lingekatwa ndani ya nusu saa.

Serikali ya Kongo kwa miaka mingi ilijua dawa moja tu, kuzima kila kitu. Desemba 2011 ilizuia ujumbe mfupi wa simu. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu siku 20. Tarehe 13 Machi 2023 ikaja sheria ya dijitali, inayotaja unyanyasaji wa mtandaoni na chuki za kikabila kuwa makosa, na kutaka kuwe na mamlaka ya kulinda taarifa za watu. Sheria hiyohiyo inaadhibu kusambaza habari za uongo, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo: kifungu kile ni chepesi kumshika anayetangaza kuliko anayemtukana. Katika mkoa ulio chini ya jeshi, msichana aliyetukanwa atafikiri mara mbili kabla ya kupeleka simu yake mezani kwa askari.

Kwa hiyo wanaotangaza wanajilinda kwa ufundi mdogo mdogo, nami nawaomba wauendeleze. Rekodi kwanza, itazame hadi mwisho ukiwa umetulia, kisha ipandishe. Ukiwa kwenye tukio, tangaza baada ya kuondoka hapo. Usianze saa ileile kila siku. Mkimbizi akianza kutaja kijiji chake, geuza kamera chini na umwambie anyamaze kidogo. Na nyumbani, kabla ya kubonyeza, chukua kitenge kipana utundike ukutani nyuma ya mgongo, kifunike dirisha lote na kile kilima.