Deuli Iliyozuia Msafara: Tunachojifunza Kwenye Kitanda Kidogo cha Kufumia



Biharusi akihesabu doti zake za kanga, anahesabu kwa kipimo cha misafara. Karne ya 19, mikono minne ya nguo ilikuwa shuka moja, na shuka mbili ni doti. Wapagazi waliondoka pwani na mizigo ya doti hadi Usui, nchi ya Wasubi, ambayo leo imo katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Huko bara wengi walivaa ngozi na nguo za magome ya miti. Kusuka walikujua, vikapu na mikeka, lakini hariri ilikuwa kitu cha wakubwa.

Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alipita njia hiyo, pamoja na Sidi Mubarak Bombay. Kabla ya kufika Usui, mtemi Lumeresi wa Uzinza aliwazuia, akataka deuli, kile kitambaa cha hariri cha thamani. Speke alikuwa amemwekea Rumanika, mfalme wa Karagwe. Mabishano yakawa marefu, na mwishowe deuli ikatolewa. Walipoingia Usui, mfalme Suwarora naye akadai hongo yake ya nguo, shanga na nyaya.

Kwa nini kitambaa kimoja kizuie msafara mzima? Jibu utalipata ukijaribu kufuma kwa mkono wako.

Chukua fremu ya mbao, pigilia misumari juu na chini, kisha vuta uzi wa pamba ulio imara kwenda na kurudi. Huo ndio mtande. Uzi wa rangi unaopita juu ya mmoja na chini ya mwingine ndio mshindio. Ushindilie kwa chanuo mpaka mtande usionekane. Rangi ya mshindio pekee ndiyo itakayochora ua lako. Usiuvute sana, la sivyo kingo zitaingia ndani kama kiuno. Saa nzima itakwisha, nawe umepata upana wa vidole vichache tu.

Pwani yetu iliujua ufundi wa kufuma. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta nguo zinazofumwa pale zikipelekwa mpaka Misri. Baadaye ikaja merikani, nguo ya viwanda vya Marekani, rahisi na nyingi, na vitanda vingi vya wafumi vikanyamaza.

Katika Sahihi ya Bukhari, Sahl bin Saad (r.a.) anasimulia kuhusu mwanamke aliyemletea Mtume (s.a.w.) burda yenye pindo, akamwambia ameifuma kwa mikono yake ili aivae. Mtume akaipokea, naye alikuwa akiihitaji. Sahaba mmoja akaiomba, akapewa. Aliitaka iwe sanda yake, na ndivyo ilivyokuwa.

Zilinganishe nguo hizo mbili. Deuli ilidaiwa kwa nguvu, na hatumjui aliyeifuma. Burda ilitolewa kwa mapenzi, na kazi ya mikono ya mama yule bado inasimuliwa.

Basi biharusi, kabla hujalia kwa sababu sanduku halijajaa, fuma japo kipande kidogo cha kuweka ukutani kwenye nyumba yako mpya. Ukishajua uzi mmoja unachukua muda gani, hutaidharau tena zawadi ya mtu, wala hutamdai mumeo deuli asiyoiweza.