Mchezeshaji wa Jersey City na Mchezeshaji wa Eastlands

Bobby Hurley, mchezeshaji wa mpira wa kikapu, alikulia Jersey City, ng'ambo ya mto Hudson kutoka New York, na baba yake ndiye aliyekuwa kocha wa kikapu wa shule yake, St. Anthony. Mwaka 1989 aliingia Chuo Kikuu cha Duke. Akakaa misimu minne chini ya kocha mmoja, akatwaa ubingwa wa vyuo wa 1991 na wa 1992, na alipomaliza mwaka 1993 alikuwa ametoa pasi za kufunga 1,076. Rekodi hiyo ya vyuo vya Marekani ilidumu zaidi ya miaka 30.

Kijana wa Kaloleni, Jericho au Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, huanzia kwingine. Mtaani kwake mpira ni kandanda kwanza. Kila mwisho wa mwaka mashindano ya Koth Biro huvuta watu hadi Ziwani, na wanaosimama kandokando ya uwanja humpenda kuliko wote yule anayepiga chenga. Akihamia kikapu, kijana huyo huja na chenga zake pamoja na hamu ya kushangiliwa. Kocha atahangaika kumfundisha kuuachia mpira mapema. Hata hivyo, mtu aliyezoea kuzingirwa na mabeki watatu kwenye vumbi haogopi kubanwa, na kwa mchezeshaji hiyo ni nusu ya kazi.

Tofauti kubwa zaidi huja chuoni. Kwenye mashindano ya chuo, Hurley alicheza na wanafunzi wenzake tu. Ligi ya watu wazima wanaolipwa aliiingia baada ya kuhitimu. Nairobi, timu za vyuo kama Strathmore na USIU hucheza kwenye ligi ya taifa. Mwanafunzi anaingia ukumbi wa Nyayo na kuwakuta Ulinzi Warriors, wanajeshi waliokomaa, au anasafiri Mombasa kukabiliana na timu ya Mamlaka ya Bandari. Mlinzi anayemkaba huenda akawa na mke na watoto, na anajua kuweka bega mahali refa asipoona. Kwangu mimi, hiyo ni shule bora kuliko ligi ya wanafunzi peke yao. Tena wanaomkaba leo huenda kesho wakawa wenzake kazini, kwa kuwa jeshi, benki na bandari zimekuwa zikiwaajiri wachezaji kwa muda mrefu. Kwa familia ya Eastlands, ajira hiyo si jambo dogo.

Kinachoniuma ni kumbukumbu. Msimu wa Hurley unaweza kufuatwa mechi kwa mechi. Wa kijana wetu hubaki zaidi vinywani mwa waliokuwepo, nao wakihama mtaa huhama nao.

Februari 2021, jijini Yaoundé, njia hizi mbili zilikutana. Tylor Ongwae, aliyepitia Chuo cha Ranger, Texas, kisha Chuo Kikuu cha Louisiana-Monroe, alifunga muda ukiisha na Kenya ikailaza Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, kwa 74-73. Kenya ikarudi AfroBasket, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Kando yake walikuwapo wachezaji waliolelewa na ligi ya nyumbani. Bao lile lipo kwenye video, na jina la mfungaji linajulikana. Pasi za wachezeshaji wa Nyayo nazo zihesabiwe na kuhifadhiwa, za wanafunzi na za wanajeshi, kuanzia msimu ujao.